Mafunzo ya Madini na Lugha Yake Katika Katanga: Kutoka Tanuru za Kiangazi Hadi Kozi Fupi za Leo

1. Suala lenyewe

Mafunzo mafupi ya jiolojia ya madini ni jambo la kawaida sasa katika kila nchi yenye migodi. Wanajiolojia na wahandisi ishirini au thelathini huacha kazi zao kwa siku tano au kwa majuma mawili. Asubuhi husikiliza masomo juu ya asili ya hazina za madini. Mchana huchunguza vipande vya miamba vilivyotolewa chini ya ardhi. Siku moja au mbili huenda machimboni. Na mwishoni hurudi kazini wakiwa na cheti. Mafunzo hayo hayatoi shahada. Shabaha yake ni kumpa mtu aliyekwisha kusoma kile ambacho shule yake haikuweza kumpa, aghalabu kwa sababu wakati ule kilikuwa hakijajulikana bado.

Makala haya yanachunguza historia ya elimu ya namna hiyo katika Katanga, yaani nchi ambayo tangu mwaka 2015 imegawanywa katika mikoa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Swali linaloyaongoza ni la lugha. Maarifa ya shaba yalipitishwa kwa lugha gani, kutoka kwa nani kwenda kwa nani, na nini kilipotea njiani? Jibu litakalotetewa hapa ni kwamba Katanga imekuwa na shule tatu za madini zilizofuatana: ya wayeyushaji wa kale, ya kampuni, na ya chuo kikuu pamoja na kozi fupi. Shule ya pili ilianza kwa kujifunza kutoka kwa ya kwanza, na ya tatu kutoka kwa ya pili. Lakini daftari la shule mpya liliandikwa kwa lugha ambayo wale walioonyesha mawe hawakuweza kuisoma. Kiswahili kimekuwapo katika shule mbili za mwisho. Hata hivyo kimekuwapo kama lugha ya kuamrisha kazi, wala si kama lugha ya kuueleza mwamba.

2. Shule ya kiangazi

Ukale wa kazi ya shaba katika nchi hii hauna shaka. Katika makaburi ya Sanga, penye bonde la Upemba, uchimbuzi wa Jacques Nenquin na Jean Hiernaux wa miaka ya 1957 na 1958 ulitoa mapambo ya shaba pamoja na misalaba midogo ya shaba iliyozikwa na wafu. Pierre de Maret aliendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1970. Misalaba hiyo, ambayo kadiri karne zilivyopita ilizidi kuwa midogo na yenye vipimo vya kulingana, ilitumika kama fedha. Wenyeji wengi waliiita shaba yenyewe *mukuba*. Neno *shaba* lilikuja na lugha ya wafanya biashara wa mashariki.

Jinsi kazi ilivyofanyika hujulikana hasa kwa maandishi ya Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari wa shirika la Mtakatifu Benedikto, aliyechapisha mwaka 1926 makala juu ya «wala shaba» wa Katanga. Jina hilo halikuwa na maana ya kula kwa kinywa: mla shaba ni yule aliyepata riziki yake kwa shaba. Kazi ilikuwa ya msimu. Mavuno yakiisha na mvua ikikoma, watu walitoka vijijini, wakapiga kambi karibu na kilima cha madini, wakachimba mawe ya kijani ya malakiti, wakachoma makaa, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu na kupuliza moto kwa mivuo. Mvua zikikaribia, kambi ilivunjwa na watu walirudi mashambani.

Kambi hiyo ilikuwa pia shule. Fundi mkuu hakuwa mtu yeyote tu. Aliingizwa katika kazi kwa ibada na kwa miiko, na siri za tanuru hazikutolewa kwa kila aliyebeba makaa. Elimu aliyokuwa nayo ilikuwa na sehemu tatu ambazo mwanajiolojia wa leo angezitambua mara moja. Kwanza, kujua mahali: ni kilima gani kina shaba na kipi hakina. Pili, kujua jiwe: lipi lichukuliwe na lipi litupwe. Tatu, kujua moto: jiwe lililochaguliwa litoeje metali. Sehemu ya kwanza ndiyo inayoitwa leo utafutaji wa madini.

Mahali pa shaba hujitangaza. Katikati ya msitu wa miombo hutokea kilima kisicho na miti, chenye majani mafupi tu, kwa kuwa udongo wake una sumu ya metali ambayo mizizi ya miti haiistahimili. Juu yake huota mimea michache iliyozoea hali hiyo, na mmoja wao ni ua dogo ambalo wataalamu huliita *Haumaniastrum katangense*. Paul Duvigneaud alieleza mimea hiyo kwa utaratibu mwaka 1958, na François Malaisse wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliendelea kuichunguza kwa miaka mingi. Baadaye wachunguzi wa mambo ya kale walilitumia ua hilohilo kutafuta mahali palipokuwa na tanuru, maana huota hata pale ambapo mabaki ya kuyeyushia yaliuchafua udongo. Kwa hiyo alama ambayo sayansi iliiandika katika karne ya ishirini ilikuwa wazi machoni pa watu waliokuwa wakizunguka vilima hivyo tangu zamani.

3. Cornet na walioonyesha njia

Mwaka 1891 msafara wa Bia na Francqui ulielekea Katanga kwa ajili ya Dola Huru ya Kongo. Ndani yake alikuwamo Jules Cornet, kijana wa Ubelgiji aliyezaliwa mwaka 1865, ambaye kazi yake ilikuwa jiolojia peke yake. Msafara ulifika Bunkeya mwanzoni mwa 1892, majuma machache baada ya Msiri, mfalme wa Wayeke, kuuawa tarehe 20 Desemba 1891. Nchi ilikuwa na njaa na vurugu. Katika hali hiyo Cornet alizunguka kusini mwa Katanga, akapima, akachora, akakusanya mawe. Mwaka 1894 alichapisha maelezo yake juu ya hazina za madini za Katanga, na baadaye akafundisha katika shule ya migodi ya Mons hadi karibu na kufa kwake mwaka 1929. Msemo wa kwamba Katanga ni «kashfa ya kijiolojia» unanasibishwa naye.

Yafaa kuangalia jinsi kazi yake ilivyowezekana. Mtu mmoja, kwa miezi michache, katika nchi asiyoijua, hawezi kuona kila kilima. Cornet aliona mengi kwa sababu aliongozwa kwenye mashimo yaliyokuwa yamechimbwa tayari. Mambo yalikuwa vivyo hivyo kwa George Grey, aliyetumwa na kampuni ya Tanganyika Concessions ya Robert Williams. Huko Kansanshi, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mtemi Kapijimpanga alimwonyesha mashimo ya kale mwaka 1899. Kisha watu wa Grey wakavuka na kuingia Katanga, wakafanya kazi ileile ya kutoka shimo la kale hadi shimo la kale.

Katika vitabu vya historia ya migodi tukio hili huitwa ugunduzi. Neno hilo lina ukweli wake: ni Cornet aliyeweka miamba hiyo katika utaratibu wa matabaka na kuifanya isomeke na mtu wa Mons au wa London ambaye hajawahi kufika Afrika. Hiyo si kazi ndogo. Lakini tukio lilikuwa pia tafsiri. Maarifa yaliyosemwa kwa Kisanga, kwa Kiyeke au kwa Kikaonde yaliandikwa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, na aliyeyasema hakupewa nakala. Tangu siku hiyo mtoto wa mla shaba aliyetaka kujua habari za kilima cha baba yake alilazimika kujifunza kwanza lugha ya mgeni.

4. Kampuni na lugha ya amri

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru ya Lubumbashi ikatoa shaba yake ya kwanza kutokana na mawe ya mgodi wa Étoile. Kilima hicho kilikuwa na jina lake, Kalukuluku. Jina la nyota likaandikwa juu yake katika ramani.

Katika miaka ya kwanza wafanyakazi wengi walitoka Rhodesia na Nyasaland, na wasimamizi wengi walikuwa watu wa Kiingereza kutoka kusini. Lugha ya kazi ilikuwa mchanganyiko uliotoka migodi ya Afrika ya Kusini. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya Ubelgiji na kampuni walitaka kupunguza nguvu ya Kiingereza. Wafanyakazi wakaanza kutafutwa Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi, na tangu 1928 kampuni ikafuata siasa ya kuwaweka wafanyakazi na jamaa zao kambini kwa muda mrefu. Katika badiliko hilo Kiswahili kikawa lugha ya kambi. Johannes Fabian ameeleza jambo hili kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1986, na amesisitiza kwamba Kiswahili cha Katanga hakikushuka tu kutoka pwani kama maji yafuatayo mteremko. Kilichaguliwa, kikapangwa, kikafundishwa.

Kilifundishwa nani? Hapa ndipo historia ya kozi fupi inapoanza kwa njia isiyotarajiwa, maana kozi fupi zilizoenea katika migodi ya Katanga zilikuwa za lugha, na wanafunzi wake walikuwa Wazungu. Msimamizi aliyetoka Ubelgiji alipewa kitabu chembamba, kwa mfano kile cha Auguste Verbeken kilichotoka katika miaka ya 1930, ili baada ya majuma machache aweze kusema na watu wake. Vitabu vya aina hiyo vilijaa vitenzi vya amri: lete, chimba, beba, ngoja, fanya upesi. Vilikuwa na majina ya vyombo na ya sehemu za mwili. Msimamizi aliweza kuvitumia kumwambia mfanyakazi avunje jiwe. Sababu ya kulivunja jiwe hili na kuliacha lile haikuwa sehemu ya somo.

Hivyo elimu iliyokuwa moja katika kambi ya kiangazi ikagawanyika. Kujua mahali na kujua jiwe vikawa kazi ya mhandisi na mwanajiolojia, kwa Kifaransa. Nguvu za mikono zikawa za mfanyakazi, kwa Kiswahili. Kati yao alisimama kapita, aliyejua maneno ya pande zote mbili bila kupewa maana kamili ya upande wowote. Yeyote aliyefanya kazi miaka ishirini mbele ya ukuta wa mwamba alijua mengi juu yake. Lakini ujuzi huo ulibaki mikononi mwake na haukupanda katika karatasi.

Haiwezi kusemwa kwamba Kiswahili hicho hakikuwa na uwezo. Mwaka 1965 André Yav na wenzake, waliokuwa watumishi wa nyumbani, waliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Elisabethville tangu mwanzo wake. Fabian aliichapisha mwaka 1990. Watu ambao hakuna aliyewafundisha kuandika historia walipata katika lugha ya kambi maneno ya kutosha kueleza wafalme, vita, mishahara na vifo. Lugha iliyoweza hayo ingeweza pia kueleza matabaka ya mwamba, kama ingeombwa.

5. Chuo Kikuu na mabishano juu ya asili ya shaba

Chuo Kikuu cha Serikali kilianzishwa Elisabethville mwaka 1955 na kupokea wanafunzi mwaka 1956. Wakati wa uhuru, mwaka 1960, Wakongo wenye shahada walikuwa wachache mno. Mwaka 1971 vyuo vyote vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na Lubumbashi ikapewa miongoni mwa mengine sayansi na fasihi na lugha. Mwaka 1981 kampasi ya Lubumbashi ikawa tena chuo cha kujitegemea. Kwa bahati hiyo ya mpango, mwanafunzi wa jiolojia na mwanafunzi wa lugha za Kiafrika walijikuta katika mji mmoja. Edgar Polomé, aliyefundisha hapo baada ya 1956, alichapisha mwaka 1968 uchunguzi wa Kiswahili cha Lubumbashi. Jengo la jirani lilikuwa likifundisha miamba. Njia kati ya majengo hayo mawili haikukanyagwa sana.

Wakati uleule jiolojia yenyewe ilikuwa katika mabishano makubwa. Wataalamu wa kwanza waliamini kwamba shaba ilipanda na maji ya moto yaliyotoka katika itale iliyopenya miamba ya juu. Mwaka 1951 W. G. Garlick na J. J. Brummer walionyesha kwamba itale ya upande wa Rhodesia ya Kaskazini ni ya kale kuliko mashapo yaliyolala juu yake. Haikuwezekana basi iwe mama wa shaba iliyomo katika mashapo hayo. Garlick akafundisha kwamba shaba iliwekwa pamoja na mchanga na tope la bahari ya kale. Kitabu kikubwa kilichohaririwa na F. Mendelsohn mwaka 1961 kilieneza fikira hiyo. Nusu karne baadaye, mwaka 2005, makala za Murray Hitzman, David Selley na wenzao zilionyesha mambo kuwa marefu zaidi: maji ya chumvi yalipita katika matabaka mara nyingi, kwa muda wa mamia ya milioni za miaka, na shaba iliwekwa, ikayeyushwa, ikawekwa tena.

Mabishano hayo hayakuwa ya darasani tu. Anayeamini kwamba shaba hutoka katika itale atachoronga karibu na itale. Anayeamini kwamba imewekwa na bahari atafuata tabaka moja maili kwa maili. Anayeamini kwamba maji yalipita atatafuta mahali maji yalipozuiwa. Kila nadharia ni ramani ya mahali pa kutoboa, na kutoboa ni gharama.

Upande wa Katanga, André François na wanajiolojia wengine wa kampuni walipanga kwa subira matabaka ya Kundi la Migodi. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kwa sababu matabaka hayo hayakulala sawasawa. Yalikunjwa, yakakatika, yakawa vipande vikubwa vilivyotapakaa kama vigae vya chungu. Ndani ya kila kipande mpangilio ni uleule: chini kuna R.A.T., kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya miamba ya udongo na talki. Juu yake tabaka la shaba la chini. Kisha jabali gumu la silika lenye vitundu, ambalo aghalabu ndilo linalokiinua kilima. Kisha tabaka la shaba la juu. Aliyejifunza mpangilio huo aliweza kuingia shimoni na kujua yuko wapi. Ulikuwa urithi mkubwa wa shule ya kampuni, na Gécamines iliupokea baada ya serikali kuitwaa Union Minière mwaka 1967.

6. Kwa nini kozi fupi

Vyama vya wanajiolojia wa madini ni vya zamani. Kile cha Marekani, Society of Economic Geologists, kilianzishwa mwaka 1920. Chama cha watafuta madini wa Kanada mwaka 1932. Na kile cha Ulaya, SGA, mwaka 1965. Lakini mafunzo mafupi yalienea hasa katika miongo ya mwisho ya karne ya ishirini, na sababu tatu zafaa kutajwa.

Ya kwanza ni kuzeeka kwa elimu, kama mabishano yaliyoelezwa yanavyoonyesha. Mhitimu wa mwaka 1950 ambaye hakusoma tena alikuwa akitafuta shaba mahali pasipo sahihi kufikia 1960.

Ya pili ni udanganyifu. Mwaka 1997 iligunduliwa kwamba sampuli za Busang, katika kisiwa cha Borneo nchini Indonesia, zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Kampuni ya Bre-X ya Kanada, iliyokuwa na thamani ya mabilioni ya dola katika soko la hisa, ikaanguka. Mwaka 2001 Kanada ikaweka kanuni inayotaka kila taarifa ya hazina ya madini isimamiwe na mtu mwenye sifa, aliyefanya kazi miaka mitano au zaidi na aliye katika chama cha kitaaluma. Tangu hapo namna ya kuchukua sampuli, kuilinda na kuihakiki imekuwa somo la lazima katika kozi nyingi.

Ya tatu ni ya Kongo yenyewe. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mnamo Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ilibomoka. Mwaka 1994 uzalishaji wote haukufikia hata tani 40,000. Pamoja na uzalishaji iliporomoka shule ya ndani ya kampuni, ambamo kijana alitembea miaka na mzee kabla ya kuachwa peke yake. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilipofungua mlango kwa makampuni mengi, vijana wengi waliingia kazini bila mzee wa kutembea naye. Kozi ya siku tano ilianza kujaza pengo la miaka mitano. Mnamo Julai 2003 Lubumbashi yenyewe ilipokea mkutano na ziara ya machimboni ya mradi wa kimataifa wa jiolojia nambari 450. Na Makumbusho ya Kifalme ya Tervuren yamekuwa yakiwapokea wanajiolojia wa Kongo kwa mafunzo.

Faida ya elimu mpya ilionekana Kamoa, magharibi ya Kolwezi. Shule ya zamani ilifundisha kutafuta shaba katika Kundi la Migodi, penye vilima vitupu na maua. Kamoa hapakuwa na kilima, wala ua, wala shimo la kale. Mchanga umeufunika mwamba wote. Watafutaji walichukua udongo wa vijito na kuupima, wakasoma ramani za sumaku zilizochukuliwa kwa ndege, kisha wakachoronga. Kufikia mwaka 2009 ilijulikana kwamba shaba nyingi imelala chini ya Grand Conglomérat, mwamba uliotokana na barafu ya kale, ambao kwa muda mrefu haukuhesabiwa kuwa shabaha kuu. Kakula, jirani yake, iligunduliwa mwaka 2016, na uzalishaji ulianza mwaka 2021. Sasa Kamoa ni mfano unaotajwa katika mafunzo ya jiolojia ya shaba. Ni hazina ambayo wala shaba hawakuweza kuijua; na hapo elimu ya leo imepita kweli elimu ya kale, wala haifai kukana jambo hilo kwa ajili ya mapenzi ya mambo ya mababu.

7. Maneno ya wachimbaji katika vitabu

Huenda mtu akauliza: je, sayansi hii si ya Kifaransa na Kiingereza kwa asili yake? Historia inajibu kwamba sivyo. Georgius Agricola, mganga wa mji wa migodi wa Joachimsthal, aliandika kitabu chake kikubwa juu ya metali kwa Kilatini. Kilitoka mwaka 1556, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kilatini hakikuwa na majina ya vitu alivyoviona, kwa hiyo aliyatafuta kwa wachimbaji wa Kijerumani, akabuni maneno ya Kilatini, na kuweka orodha ya kulinganisha. Shule ya migodi ya Freiberg ilipofunguliwa mwaka 1765 iliyapokea maneno ya wachimbaji yenyewe. Kwartzi ni neno la mchimbaji wa Kijerumani. Nikeli pia. Kobalti, metali ambayo leo huitambulisha Kongo duniani, imeitwa kwa jina la *Kobold*, jini wa migodini ambaye wachimbaji wa Saxony walimlaumu kwa mawe yaliyowadhuru bila kutoa fedha waliyoitaka. Neno la watu wasiosoma liliingia katika kitabu na likabaki humo.

Katanga nayo imeipa sayansi majina mengi. Kornetiti ni kwa heshima ya Cornet. Sengieriti kwa heshima ya Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière. Renieriti, iliyoelezwa mwaka 1948 kutoka Kipushi, kwa heshima ya mwanajiolojia Armand Renier. Baadaye yalifuata majina ya mahali: kolweziti mwaka 1980, kipushiti mwaka 1985, na mwaka 1989 shabaiti, kutokana na jina la mkoa tangu mwanzo wa miaka ya 1970 hadi 1997. Hivyo neno la Kiswahili limo katika orodha ya madini ya dunia. Lakini tofauti na kobalti ni kubwa. Shabaiti ni jina la mkoa lililotolewa na wataalamu wa Ubelgiji. Kobalti ni neno lililotoka kinywani mwa mchimbaji. La kwanza ni heshima, la pili ni ushiriki.

Tanzania inaonyesha kwamba ushiriki huo unawezekana kwa Kiswahili. Huko jiwe lenye madini ni *mbale*; shimo la mchimbaji ni *duara*; mawe yaliyokwisha kusafishwa mara moja huitwa *marudio*; kutoboa mwamba kwa mashine ni *uchorongaji*. Maneno kama *duara* na *marudio* yalizaliwa machimboni, si katika kamati. Kwa upande wa kamati, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Njia zote mbili zinahitajika.

8. Hitimisho

Suala hili halihusu heshima ya lugha peke yake. Tangu miaka ya 1990 maelfu kwa maelfu ya watu wamerudi kuchimba kwa mikono katika Haut-Katanga na Lualaba. Sheria inawatambua katika maeneo maalumu na inakataza mashimo yapitayo kina cha mita 30. Serikali iliunda mwaka 2003 idara ya kuwasaidia na kuwafundisha, SAESSCAM, ambayo tangu 2017 inaitwa SAEMAPE. Wachimbaji hao huongea Kiswahili. Elimu ambayo ingewafaa kuliko zote, yaani ni mwamba gani husimama wima na ni upi huteleza ukilowa maji, imo tayari katika vitabu, chini ya herufi kama R.A.T. Mwanajiolojia anajua kwamba udongo wenye talki hauaminiki wakati wa mvua. Mchimbaji naye huenda analijua hilo kwa jina lingine, au hajalijua bado. Wote wawili wanafanya kazi katika kilima kimoja, na kati yao hakuna orodha ya maneno.

Yapo mambo matatu ambayo Chuo Kikuu kinaweza kuyafanya bila gharama kubwa. Kwanza, wanafunzi wa lugha wakusanye maneno ambayo wachimbaji na wazee wa Gécamines huyatumia kwa miamba, rangi, matabaka na hatari, kabla wazee hao hawajaondoka. Pili, idara ya jiolojia na walimu wa Kiswahili wakae pamoja, wapange orodha ya maneno mia mbili au tatu ya Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, wakichukua kwanza yaliyomo midomoni mwa watu, kisha ya Tanzania, na mwisho ndipo wabuni. Tatu, kila kozi fupi itakayofanyika katika nchi hii iwe na kipindi kimoja cha Kiswahili, ambamo wanafunzi wenyewe watawaeleza mafundi, wasaidizi wa uchorongaji na wachimbaji yale waliyojifunza. Mwanajiolojia asiyeweza kueleza hazina ya madini kwa lugha ya watu wanaomshikia nyundo hajayamaliza mafunzo yake, hata awe na cheti.

Hakuna sababu ya kuviondoa Kifaransa na Kiingereza. Taarifa za hazina zitaendelea kusomwa Toronto na Johannesburg. Linalotakiwa ni nakala ya pili ya daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mali ya Katanga imekuwa na daftari tangu 1894, na limeandikwa vizuri. Walionyesha njia hawajapewa bado nafasi ya kulisoma.